Kwa nini CCM ilipoteza umeya wa majiji 2015? Tuache kusingizia "wasomi wa mjini"

Mpangaji Mzoefu (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Kila tukigusa siasa za miji humu ndani jibu ni lile lile: mjini kuna wasomi, kijijini kuna kanga na kofia. Jibu tamu ila halina mashiko. Aliyeinyima CCM kura Manzese na Buguruni mwaka 2015 hakuwa profesa. Alikuwa kondakta, fundi cherehani, dada wa saluni. Na maprofesa wengi ninaowafahamu walipigia CCM.

Turudi kwenye rekodi. Oktoba 25, 2015 Magufuli wa CCM alipata asilimia 58.46 za kura za urais nchi nzima. Chama kilichoshinda hivyo kilitarajiwa kiwe na jiji lake la Dar mfukoni. Badala yake, kati ya majimbo 10 ya Dar, UKAWA, ule muungano wa vyama vya upinzani, wakabeba 6: Kawe, Ubungo, Kibamba, Ukonga, Kinondoni na Temeke. CCM wakabaki na Ilala, Segerea, Mbagala na Kigamboni. Kinondoni meya akawa Boniface Jacob, Ilala Charles Kuyeko, wote Chadema. Umeya wa Jiji zima la Dar uliahirishwa na kuahirishwa hadi Machi 22, 2016, Isaya Mwita akapata kura 84 dhidi ya 67 za mgombea wa CCM. Arusha akakaa Kalist Lazaro, Mbeya David Mwashilindi, Iringa Alex Kimbe, Moshi Raymond Mboya. Kigoma Ujiji ikaenda ACT.

Sasa sababu. Mimi nitasema niliyoyaona kwa macho.

Mwaka 2015 nilikuwa kwenye timu ya nyumba kwa nyumba ya mgombea udiwani mmoja Dar. Chama sitaji, kata sitaji, wahusika bado wanaishi. Tulipewa daftari la mjumbe wa shina. Mjumbe mwenyewe mzee wa heshima, yuko mtaani tangu enzi za TANU, anamjua kila mtu. Ndivyo tulivyoamini. Tukaingia nyumba ya kwanza, daftari linasema: Mama Fulani, mwenye nyumba, kura moja, ya uhakika. Kweli mama yupo, kavaa kanga ya chama, akatukaribisha chai. Ila ile nyumba ilikuwa na vyumba 8, na kila chumba kina mpangaji. Mwingine yuko na mkewe na shemeji. Nilihesabu watu wazima 17 mle ndani, na mzee wetu hakujua jina la hata mmoja. Alipowasalimia wakamwitikia kama wanavyomwitikia mtu wa kusoma mita.

Nikajua hapo hapo kwamba kazi ipo.

Mashine ya CCM ni nyumba kumi, kila kumi na mjumbe wake, yaani balozi. Iliasisiwa miaka ya 60 kwa nchi ambayo watu wanakaa kwao: baba anajulikana, shamba linajulikana, mpaka unajulikana. Kijijini balozi ndiye anayeamua ugomvi wa mbuzi, ndiye anayejua nani kafiwa. Mjini mpangaji analipa kodi ya miezi sita, ikiisha anahama Mbagala kwenda Kimara, balozi hajapata hata muda wa kumjua. Shida yake ya barua anaipeleka ofisi ya serikali ya mtaa. Mjumbe hamhitaji kwa lolote. Na Dar ya sensa ya 2012 ilikuwa na watu 4,364,541, sehemu kubwa yao ni wa namna hii.

Kwa hiyo chama kilikuwa kinahesabu nyumba wakati kura ziko vyumbani.

Nina mengine ila nianzie hapo. Mods msiunganishe uzi huu na ule wa Lowassa, mgombea urais wa UKAWA, tafadhali.

---

Kada Mtiifu

Hadithi nzuri ila umemruka tembo aliyekaa sebuleni kwako. 2015 ilikuwa homa ya Lowassa, basi. Katoka CCM mwezi wa saba, katoka na watu wake, na pesa zake, na mitandao yake aliyoijenga miaka kumi. Bila yeye UKAWA wangeambulia Kawe na Ubungo kama 2010. Homa ikapita, mgonjwa akapona, 2020 majiji yote yakarudi nyumbani.

---

Bi Mkubwa wa Sinza

"Mgonjwa akapona" 😂😂 Kada unalipwa buku saba kwa bandiko au kwa mwezi?

---

Mpangaji Mzoefu

Kada, nakubali nusu. Lowassa aliongeza kura, nani atabisha. Lakini Arusha Mjini na Moshi Mjini zilikwenda Chadema 2010, Lowassa akiwa bado CCM. Mbeya Mjini Sugu alishinda 2010. Iringa Mjini Msigwa 2010. Nyamagana na Ilemela pia 2010. Homa gani inaanza miaka mitano kabla ya mdudu kufika?

Kilichobadilika Dar kati ya 2010 na 2015 ni kwamba wapinzani waliacha kugawana. Angalia Segerea. Kule UKAWA walishindwa kuelewana, CUF wakamsimamisha Mtatiro, Chadema wakamsimamisha Anatropia, na CCM ikapita katikati yao na Bonnah. Jimbo limepakana na Ukonga, watu wale wale, daladala zile zile. Ukonga aliyesimama ni mmoja, Waitara, akashinda.

---

Mtendaji Mstaafu

Wakuu mnajadili kana kwamba wananchi wanapiga kura ya meya. Tanzania mwananchi hapigi kura ya meya! Meya anachaguliwa na baraza la madiwani. Ndani ya baraza kuna madiwani wa kata, wa viti maalumu wanaogawiwa kwa uwiano, na wabunge. Kwa hiyo unaweza kuchukua ubunge wa mjini kwa kishindo na umeya ukaukosa, au kinyume chake.

Mfano hai ni Temeke hiyo hiyo ya 2015. Mbunge wa Temeke akawa wa CUF, Mtolea. Lakini manispaa ya Temeke wakati ule ilikuwa na Mbagala na Kigamboni ndani yake, kote huko CCM, na meya akatoka CCM. Wangehesabu Temeke peke yake ingekuwa habari nyingine.

Na kwa sababu ni hesabu ya vichwa ukumbini, ndiyo maana vita inahamia kwenye swali la nani ni mjumbe halali. Arusha Desemba 2010 ugomvi ulianzia kwa mbunge wa viti maalumu aliyetokea Tanga kupiga kura kwenye baraza la Arusha. Wapinzani wakasusa, CCM wakamchagua meya wao, na Januari 5, 2011 maandamano yakaishia kwa watu watatu kufa kwa risasi. Watatu, kwa kiti ambacho mwenye nacho hana mamlaka hata ya kumhamisha mhasibu.

Dar 2016 ikawa vilevile. Ugomvi ukawa juu ya wabunge wa viti maalumu wenye asili ya Zanzibar, kama wana haki ya kuingia kwenye mabaraza ya Dar. Nilikuwa mtumishi wakati huo, halmashauri siitaji. Tulikuwa tunapanga viti ukumbini asubuhi, mchana tunavipangua, mkutano umeahirishwa. Mara tatu tulivipanga.

---

Mpangaji Mzoefu

Asante sana Mtendaji, hapo umenisaidia. Na kule kuahirisha kuliwaumiza wao wenyewe. Kila siku vyombo vya habari viko pale, mtu ambaye hakuwahi kujua Dar ina meya akaanza kumjua Isaya Mwita kwa jina. Istanbul kule Uturuki yalitokea makubwa zaidi. Machi 2019 chama cha Erdogan kilishindwa umeya kwa tofauti ya kura kama 13,000 tu, uchaguzi ukafutwa, ukarudiwa Juni, tofauti ikawa zaidi ya 800,000. Mtu wa mjini anaweza kusahau bei ya sukari, ila ukimwambia kura yake haikuhesabika anaamka saa tisa usiku kupanga foleni.

---

Mwana wa Eastlands

Salamu kutoka Nairobi. Ninyi mnazungumza kana kwamba jambo hili ni geni. KANU, chama tawala cha Kenya enzi hizo, ilipitia haya mapema. Mwaka 1983 serikali ililivunja baraza la jiji ikaweka tume, na tume hiyo ikakaa hadi 1992. Sababu rasmi ilikuwa ufisadi na uzembe, lakini matokeo yake ni kwamba kwa miaka karibu tisa mkaaji wa Nairobi hakuwa na diwani wa kumkasirikia. Hasira zote zikaenda moja kwa moja kwa KANU.

Vyama vingi vikaja, uchaguzi wa Desemba 1992 KANU ikapata kiti kimoja tu cha ubunge kati ya 8 vya Nairobi, Westlands. Moi alishinda urais kwa asilimia 36 hivi kwa sababu wapinzani waligawanyika, lakini jijini hata mgawanyiko haukuiokoa KANU. Meya akawa Steve Mwangi wa FORD-Asili. Dawa ya KANU ikawa waziri wa serikali za mitaa: yeye ndiye mwenye mamlaka ya kuteua madiwani, na ndiye anayebana pesa. Jiji likaoza, mitaro ikafurika, taka zikapanda mpaka dirishani, na serikali ikasema: mnaona wapinzani wenu?

Kwetu siku hizi ni gavana, na anapigiwa kura moja kwa moja. Kanjo, yaani askari wa jiji, bado ni wale wale.

---

Bi Mkubwa wa Sinza

Hiyo ya "mnaona wapinzani wenu" nimeipenda, ndiyo tuliyoimbiwa na sisi. Wakati Ubungo ina meya wa Chadema, mkurugenzi kateuliwa na Rais, mkuu wa wilaya kateuliwa na Rais, kodi ya majengo mwaka 2016 ikahamishiwa TRA, halafu mtaani kwetu mfereji ukiziba tunaambiwa tumuulize meya wetu. Meya wa watu alikuwa na joho na cheni tu.

---

Senene Mbichi

Mimi mtu wa Bukoba, naishi Kampala mwaka wa 9 sasa. Nichangie pande zote mbili.

Bukoba kwanza. Mpangaji amesema daftari la mjumbe, kwetu daftari lilikuwa sawa kabisa, mji mdogo tunajuana mpaka mababu. Bukoba CCM ilijiua yenyewe. Meya Amani na Mbunge Kagasheki, wote CCM, waligombana miaka na miaka juu ya miradi ya manispaa, soko likiwamo. Madiwani wakagawanyika, vikao havikai. Mwaka 2013 chama mkoa kikawavua uanachama madiwani 8, chama taifa wakaufuta ule uamuzi. Mwananchi yuko sokoni anangoja kujua atahamishwa au hahamishwi, wakubwa wanaitana majina redioni. 2015 Lwakatare akachukua ubunge na baraza likaenda Chadema. Wengi waliowapa wapinzani kura walikuwa wana CCM wa kadi, nikiwamo mimi, na kadi ninayo bado.

Kampala sasa. Huku meya, wanamwita Lord Mayor, anapigiwa kura na wananchi moja kwa moja. NRM imeongoza Uganda tangu 1986 na jiji hili limekuwa likiisumbua kila uchaguzi. Alikuwapo Ssebaggala, akaja Ssebaana Kizito, akarudi Ssebaggala, 2011 akaja Lukwago. Serikali ikapitisha sheria ya KCCA, mamlaka ya jiji la Kampala, jiji likawa chini ya serikali kuu na mkurugenzi mtendaji wa kuteuliwa na Rais. Akaja Jennifer Musisi. Kazi alifanya, msema kweli mpenzi wa Mungu: barabara, taa, usafi. Lakini kazi yenyewe ilikuja na kufukuza wachuuzi na kuvunja vibanda. Novemba 2013 baraza likamng'oa Lukwago. 2016 akarudi kwa kura nyingi dhidi ya mwanamuziki Ragga Dee aliyesimamishwa na NRM.

Yaani serikali ilijenga barabara na bado ikashindwa kura. Hapa ndipo pananifikirisha. Barabara inapita mtu anayeenda kazini, kibanda kilichovunjwa kilikuwa ndiyo kazi yenyewe.

---

Mpangaji Mzoefu

Senene, hiyo sentensi ya mwisho naiiba.

Ndiyo sababu yangu ya pili niliyokuwa sijaiandika. Kijijini serikali inakuja kwa msimu: mbolea, daftari la wapiga kura, mwenge. Mjini mchuuzi anakutana nayo kila siku saa nne asubuhi, imevaa sare ya mgambo, na inaondoka na beseni la nyanya. Mama anayelikimbilia lile beseni hana haja ya kusoma ilani ya chama chochote.

Na Magufuli alilisoma hili haraka kuliko wote chamani kwake. Alizuia machinga wasibughudhiwe, na Desemba 2018 akatoa vitambulisho vya shilingi 20,000. Wengi humu tulicheka. Lakini tazama alichokifanya kisiasa: alimruka meya, akamruka diwani, akaingia mwenyewe kati ya mgambo na beseni. Meya wa upinzani akabaki hana cha kumpa mchuuzi kwa sababu ulinzi wake umeshatolewa Ikulu kwa elfu ishirini. (Oktoba 2021 wakahamishwa barabarani, hiyo ni mada nyingine na najua itawasha moto.)

---

Rock City Original

OP unaandika vizuri ila unakimbia Mwanza. Mwanza ni jiji la pili nchini. Wapangaji tunao, mgambo tunao, machinga ndiyo usiseme. 2010 tuliwapa Chadema Nyamagana na Ilemela na meya. 2015, mwaka wa mafuriko ya UKAWA, Mwanza tukarudisha yote CCM. Nadharia yako inasemaje?

---

Mpangaji Mzoefu

Inasema nimebanwa 😅

Kwa kweli Mwanza hainikai vizuri. Kuna mambo mawili nayaona. Magufuli alikuwa mtu wa kanda ya ziwa, na mtu anayempigia ndugu yake urais hataki kuvunja mstari kwenye karatasi ya diwani. La pili, mlikuwa mmeshawaonja. Madiwani wa Chadema Mwanza waligombana wao kwa wao, wengine wakavuliwa uanachama, meya wao akang'olewa katikati ya muhula. Yaani walifanya Mwanza yale yale ambayo Senene anasema CCM waliyafanya Bukoba.

Kwa hiyo labda nipunguze sauti: mjini hakuna mwenye chama. Wapangaji wanahama chama kama wanavyohama nyumba. Ila sitaki kuigeuza iwe kanuni, utanibana tena na Tanga.

---

Mtendaji Mstaafu

Tanga usiiguse leo, hatutalala. CUF waliingia na madiwani wengi, meya akatoka CCM.

---

Jozi Mbongo

Niko Johannesburg. ANC, chama kilichotawala huku, 2016 ilikuwa hivi hivi, kitaifa wakapata karibu asilimia 54 lakini wakapoteza Tshwane, Johannesburg na Nelson Mandela Bay. Johannesburg ANC ndiyo waliongoza kwa kura, asilimia 44 na ushee, wapinzani wao DA 38. Ila huku nako baraza ndilo linachagua meya, wapinzani wengine, EFF, wakawapa DA kura zao, Herman Mashaba akakaa. Mtendaji yuko sahihi, umeya ni hesabu.

Tshwane ilikuwa ya kujitakia. Makao makuu walimshusha Thoko Didiza kutoka juu awe mgombea umeya, wanachama wao wenyewe wakachoma mabasi. Wengi hawakwenda kuwapa DA kura, walibaki tu nyumbani siku ya kupiga kura. Nadhani hiyo mnaisahau: mjini chama tawala mara nyingi kinashindwa na watu wake waliolala.

---

Kada Mtiifu

Hapo Jozi nakuunga mkono. Kura za maoni ndizo zinazotumaliza. Wajumbe si watu wazuri, tuliimba wote 2020. Mtu anapendwa na mtaa mzima, wajumbe wanachukua bahasha wanaleta mwingine, halafu tunaambiwa tuvunje makundi ndani ya wiki tatu. Makundi hayavunjiki wiki tatu. Mimi mwenyewe kuna diwani nilimnadi mchana, usiku nikamnyima kura.

---

Bi Mkubwa wa Sinza

Kada leo umekunywa nini? Endelea hivyo hivyo.

---

Mwanafunzi wa Siasa

Swali kwa wote. Kama mashine ya CCM mjini ni mbovu kiasi hiki, wameirudishaje? 2020 majimbo yote ya Dar wamechukua.

---

Mtendaji Mstaafu

Kijana, anza kuhesabu kabla ya 2020. Mtulia wa Kinondoni alihama Desemba 2017, akarudi bungeni kwa tiketi ya CCM. Waitara Julai 2018. Mtolea Novemba 2018. Kumbilamoto alikuwa CUF, naibu meya wa Ilala, akahamia CCM, baadaye akawa meya wa Jiji la Dar. Kalist Lazaro wa Arusha akahama 2019 akiwa na joho la umeya mabegani. Wote walisema wanaunga mkono juhudi za Rais, sentensi ni ile ile utadhani imechapwa. Ukikumbuka meya ni hesabu ya ukumbini, huna haja ya kuwashawishi watu milioni tano, unahitaji madiwani kadhaa. Januari 2020 Isaya Mwita naye akaondolewa na baraza, huku kukiwa na ubishi juu ya akidi. Februari 2021 Halmashauri ya Jiji yenyewe ikavunjwa, Ilala ikapandishwa ndiyo ikawa Jiji. Kile kiti alichokalia Mwita hakipo tena.

Na uchaguzi wa serikali za mitaa wa 2019 wagombea wengi wa upinzani walienguliwa kwenye fomu, vyama vyao vikasusa, CCM ikapata asilimia 99. Ukipata 99 hujui tena mtaa gani unakupenda. Kama mashine imekarabatiwa au la, mimi sijui ningepima kwa kutumia nini.

---

Rock City Original

Mpangaji, yule mzee wa daftari ilikuwaje baadaye? Mgombea wenu alishinda?

---

Mpangaji Mzoefu

Alishindwa kwa kura zisizofika 200. Mzee hakutuelewa kabisa. Alichukua daftari lake, akaanza kutusomea majina: huyu katupa, huyu katupa, Mama Fulani katupa. Na alikuwa hadanganyi, wote walitupa. Yalipoisha majina akalifunga akatuuliza, sasa hawa wengine wametoka wapi?

Mle chumbani wakati anauliza kulikuwa na kijana anatuletea maji. Mpangaji wa nyumba yake mwenyewe, chumba cha uani, mwaka wa tatu.